Anaacha Kiti, Haachi Chombo

Kuna maneno matatu yanayoweza kuikosesha nyumba nzima usingizi: "Nataka kuacha kazi." Si "nimefukuzwa", wala si "kampuni imefungwa". Nataka! Mtu ana mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, ana bima ya afya ya familia, ana cheo kwenye kadi, halafu anakwambia kwa hiari yake mwenyewe kwamba anataka kuviacha vyote. Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuambiwa hivyo na mtu mnayelipa naye kodi ya nyumba, subiri. Kwa umri wetu huu, zamu yako inakuja.

Mimi niliambiwa Novemba mwaka jana. Mume wangu ni msanifu majengo. Amekaa miaka tisa katika kampuni inayochora maghorofa ya kioo, yale ambayo ukipita chini yake joto la Dar linakurudia usoni mara mbili. Anataka kuondoka aungane na rafiki zake wawili wa chuo, wachore nyumba za watu wa kawaida: vyumba vitatu, baraza, paa linalopitisha upepo, kwa mtu anayejenga kidogo kidogo kila akipata. Wazo zuri, tena zuri sana, lakini tuna mtoto chekechea, na chekechea ya siku hizi ada yake unaijua mwenyewe.

Mama yangu aliposikia hakuzunguka. "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Akakata simu. Yaani hata salamu za mjukuu hakuuliza.

Sasa, mume wangu ana tabia moja: akitaka kukushawishi jambo hakuletei mahesabu, anakuletea muziki. Tangu chuo anasikiliza bendi moja ya Finland inaitwa Apocalyptica. Tukiwa kwenye foleni ya Mwenge anaiweka, sauti juu, mpaka mwenye bajaji pembeni anageuka. Ni muziki wa roki, ule mzito wa kutikisa vichwa, na mtu akisikia anaweza kuapa kwamba ni magitaa ya umeme. Kumbe ni chelo. Chelo ni ile fidla kubwa ambayo mpigaji anaikalia, anaishikilia kwa magoti, anaikwaruza kwa upinde wenye nywele za mkia wa farasi. Ni chombo cha watu waliovaa suti nyeusi na tai ya kipepeo. "Hawa jamaa," akaniambia, "walikuwa na kila sababu ya kubaki kwenye viti vyao." Basi nikaamua kuwafuatilia hao jamaa, maana kama nyumba yangu inakwenda kupangwa upya kwa mfano wa watu wa Helsinki, angalau niwajue.

Kiti chenyewe kikoje

Kwanza tuelewane. Kwetu ukisema orkestra, mtu mzima anawaza Orchestra Maquis, anawaza Mlimani Park, anawaza kitambaa cheupe na bia ya baridi. Orkestra ninayoizungumzia ni ile ya muziki wa klasiki: watu sabini, themanini, wakati mwingine mia, kila mmoja na nota mbele yake, na kondakta (si yule wa daladala) amesimama na kifimbo.

Kupata kiti humo si mchezo. Mtu anaanza chombo akiwa na miaka sita au saba. Anasoma miaka zaidi ya kumi na tano. Kisha kinatangazwa kiti kimoja, wanajitokeza makumi ya watu. Orkestra nyingi zinafanya usaili wa awali nyuma ya pazia, ili waamuzi wasijue anayepiga ni mwanamke au mwanamume, ni kijana au mzee, ni mtoto wa nani. Wanasikia sauti tu. Ukipita, kuna muda wa majaribio. Ukipita na huo, katika nchi nyingi za Ulaya umepata ajira ya kudumu, yenye mshahara na pensheni. Wengi hukaa hapo mpaka mvi.

Na ndani ya hicho kiti kuna sheria. Kama uko kwenye kundi la chelo, upinde wako unapanda wenzako wakipanda, unashuka wakishuka. Kazi yako ni kupiga vizuri kiasi kwamba hakuna anayekusikia wewe peke yako. Ukisikika peke yako bila kuandikiwa hivyo, umeharibu. Niliposoma hapo nilimtazama mume wangu aliyekuwa amelala kwenye kochi na viatu, nikaelewa kitu. Miaka tisa amechora maghorofa, na hakuna hata moja ambalo anaweza kumwonyesha mtoto wetu akasema hili ni la baba. Amechora ngazi za dharura. Amechora vyoo vya ghorofa ya saba hadi ya kumi na moja. Amechora vizuri, hakuna aliyemsikia.

Vijana wanne na chelo zao

Apocalyptica walianza mwaka 1993 katika chuo cha muziki cha Sibelius Academy, Helsinki. Walikuwa wanafunzi wanne: Eicca Toppinen, Paavo Lötjönen, Max Lilja na Antero Manninen. Mchana walijifunza kazi za mabwana wakubwa wa klasiki, na wakipata nafasi walizipiga kwa chelo nyimbo za Metallica, bendi ya Marekani iliyoundwa mwaka 1981, kwa sababu tu walizipenda. Hapakuwa na mpango wa biashara wala mtu wa kuwadhamini.

Mwaka 1996 wakatoa albamu ya kwanza, Plays Metallica by Four Cellos. Jina lenyewe linakwambia yote: chelo nne zinapiga Metallica. Hakuna gitaa, ngoma wala mwimbaji. Mwaka huohuo wakapewa nafasi ya kuifungulia jukwaa Metallica yenyewe ilipokwenda kupiga Helsinki. Hebu fikiria, umejaza ukumbi wa vijana wenye fulana nyeusi waliokuja kusikia gitaa la umeme, halafu wanatokea wanne na viti vyao na fidla kubwa.

Kilichonivutia zaidi ni mwendo wao baada ya hapo. Albamu ya pili, Inquisition Symphony ya mwaka 1998, bado ilikuwa na nyimbo nyingi za watu wengine, lakini ndani yake wakaingiza chache walizotunga wenyewe. Ya tatu, Cult ya mwaka 2000, sehemu kubwa ni utunzi wao. Yaani hawakuamka asubuhi wakasema sisi ni watunzi. Walianza na kitu ambacho watu tayari wanakijua, wakapata wasikilizaji, kisha polepole wakaleta cha kwao. Miaka minne kutoka cha watu hadi chao. Mwaka 2024 walirudi tena kwenye nyimbo za Metallica na albamu nyingine, wakiwa na zaidi ya miaka thelathini tangu waanze.

Nikamwambia mume wangu: haya, Metallica yako ni ipi? Akanyamaza. Nikasema, nyumba zenye baraza na upepo ni utunzi wako, sawa, nimeupenda. Lakini miaka miwili ya kwanza mteja atakuja kutafuta nini? Wiki iliyofuata wakakaa watatu sebuleni kwangu, wakamaliza chai yote ya flaski, wakakubaliana: wataanza na michoro ya kurekebisha na kuongeza vyumba kwenye nyumba zilizopo. Kazi ndogo, haina sifa, lakini watu wanaihitaji leo na wanailipia leo. Ile ndiyo Metallica yao.

Mwaka 1999, watu wawili mlangoni

Hapa sasa ndipo stori iliponigusa kweli. Mwaka 1999, mmoja wa wale wanne wa mwanzo, Antero Manninen, aliondoka Apocalyptica. Akaendelea na kazi yake ya muziki wa klasiki. Nafasi yake ikachukuliwa na Perttu Kivilaakso, ambaye alikuwa mpiga chelo wa Helsinki Philharmonic, orkestra iliyoanzishwa mwaka 1882, moja ya zile zinazoheshimika kabisa kaskazini mwa Ulaya.

Umeona hapo? Mji uleule, mwaka uleule, chombo kilekile. Mmoja anatoka kwenye bendi anaelekea klasiki, mwingine anatoka kwenye kiti cha orkestra anaingia kwenye bendi. Wamepishana mlangoni.

Sisi tunapenda kusimulia hadithi hizi kama za shujaa na mwoga. Aliyeacha kazi ni jasiri, aliyebaki ni mtumwa wa mshahara. Kwenye semina za ujasiriamali ndivyo tunavyoambiwa, tena kwa kiingilio. Mimi sikubali. Manninen hakuwa mwoga. Alikuwa mwanzilishi, alipiga kwenye albamu mbili za kwanza, alijua vizuri kilichoko huko, na akachagua. Tena miaka ya 2000 alikuwa akirudi kuwasaidia wenzake kwenye ziara, anakaa jukwaani na miwani yake myeusi, uso hautikisiki, wenzake wakitupa nywele huku na huku. Mashabiki wakampa jina la Mr. Cool. Hakuwatupa, na wao hawakumtupa.

Kwa hiyo swali la "kubaki au kuondoka" peke yake halitoshi. Swali ni kiti gani kinakufaa wewe, kwa umri huu na watu hawa ulio nao. Na mwenzi wako ana haki ya kuuliza swali hilo bila kuitwa mkatisha tamaa.

Kuna na upande wa giza

Nisije nikaonekana nimelewa muziki. Nilipoendelea kusoma nikakutana na John Cale, wa Wales. Huyu akiwa kijana alipiga viola katika orkestra ya taifa ya vijana ya Wales, akasoma London, na mwaka 1963 akapata ufadhili wa kwenda Marekani kusoma muziki huko Tanglewood. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Badala yake akatua New York, akakutana na Lou Reed, na ifikapo mwaka 1965 wakawa na bendi, The Velvet Underground. Cale akaifunga viola yake nyuzi za gitaa ili ingurume.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1967 na haikuuza vizuri. Leo inahesabiwa miongoni mwa albamu zilizobadilisha muziki wa roki, lakini heshima ya baadaye hailipi kodi ya mwezi huu. Na mwaka 1968 Cale akatolewa kwenye bendi, kwa shinikizo la Reed, yule yule aliyeianzisha naye. Hakuna kamati ya nidhamu, hakuna barua tatu za onyo, hakuna mafao.

Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko pesa. Orkestra ni taasisi: ukigombana na wa kiti cha jirani, kuna utaratibu. Bendi ni ndoa ya watu watatu au wanne ambao hawakufunga ndoa. Wanasafiri pamoja, wanagawana fedha, wanajua udhaifu wa kila mmoja, na hawana karatasi. Rafiki wa chuo ni rafiki mpaka pale hela ya kwanza kubwa inapoingia. Nilisema wazi: sitaki kusikia "tunaaminiana". Nendeni kwa mwanasheria, muandikiane. Nani ana hisa ngapi, mtu akitaka kutoka anatokaje, kompyuta ni za nani, jina ni la nani. Walininunia siku mbili. Wakaandikiana.

Baba zetu walifanya haya

Na wala tusidhani ni mambo ya Wazungu. Bendi zetu kubwa za dansi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Vyombo ni vya mwajiri. Ukiondoka, unaondoka na sauti yako na vidole vyako.

Muhidin Maalim Gurumo alikuwa nguzo pale, bendi ilipokuwa imeshabadilishwa jina kuwa Juwata. Mwaka 1978 akaondoka na wenzake wakaenda kuianzisha Mlimani Park, Sikinde. Mwaka 1985 akahama tena pamoja na wenzake, akiwemo Hassani Bitchuka, wakaenda Orchestra Safari Sound. Mji mzima ulizungumza. Na mwishowe akarudi Msondo, kulekule alikoondoka, akapiga nao miaka mingi kabla ya kustaafu. Alifariki Aprili 2014, na hakuna aliyemkumbuka kama mtu wa kuhamahama. Alikumbukwa kama Gurumo.

Nilimsimulia mama yangu habari hii kwa sababu yeye ni mtu wa Sikinde damu. Akacheka. "Gurumo alikuwa anajua kazi yake," akasema. Nikamwambia, "Mama, na mkwe wako anajua ya kwake." Akanyamaza kidogo. "Basi na aache vizuri. Asiondoke na maneno. Huko nyuma kuna siku atapahitaji."

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona sasa, na ndiyo ningependa kila mtu aijue kabla hajaandika barua. Vijana wa Helsinki waliacha viti, hawakuacha chelo. Miaka yote ile ya mazoezi ya vidole walikwenda nayo. Gurumo aliacha mwajiri, hakuacha sauti. Cale aliacha njia ya klasiki, akabaki na viola. Mtu anayeacha kiti huku ameshika chombo anachokijua anahama. Anayeacha kiti na chombo pamoja, kwa sababu tu amechoka, anaanza upya, na kuanza upya bei yake ni nyingine. Si kwamba haiwezekani, ila mpangie bajeti yake.

Mambo tuliyoafikiana

Tulikaa Jumamosi tatu mfululizo, mtoto akiwa kwa bibi yake. Hatukukubaliana kila kitu, lakini haya tuliyaandika kwenye daftari, na ninayaweka hapa kwa wanandoa wenzangu mjadili ya kwenu.

Kwanza, tarehe. Si "hivi karibuni". Anaondoka mwisho wa Juni, baada ya kumaliza jengo aliloanza nalo.

Pili, akiba. Gharama za nyumba za miezi sita ziwe benki kabla hajaaga. Kwa sababu hiyo sherehe ya miaka saba ya ndoa imekuwa chipsi kuku, na ilikuwa nzuri.

Tatu, bima. Mtoto na sisi tunahamia kwenye bima ya kazini kwangu mwezi mmoja kabla, isije ikapatikana hata wiki moja ya wazi.

Nne, kikomo. Miezi kumi na minane. Ikifika hapo biashara haijaweza kulipa hata nusu ya alichokuwa anapata, anatafuta kiti tena, na hakuna atakayemcheka, mimi wa kwanza. Milango inafunguka pande zote mbili, tumeuona mwaka 1999.

Tano, na hili nililiomba mimi: asiniambie "niamini tu". Aniletee hesabu kila mwezi, hata mbaya. Nyumba yenye wasiwasi unaojulikana inalala vizuri kuliko nyumba yenye siri.

Bado naogopa. Kuna usiku naamka saa tisa napiga hesabu kichwani, ada, kodi, luku, mafuta ya gari, narudia tena kana kwamba jumla itabadilika. Yeye naye haongi, najua kwa pumzi zake, ila kila mmoja anajifanya amelala asimwamshe mwenzake.

Lakini katika kusoma mambo ya orkestra nilikutana na jambo dogo ambalo ndilo limenituliza kuliko semina zote. Wapiga chelo wanakaa wawiliwawili, wanatumia stendi moja ya nota. Ukurasa ukifika mwisho, mmoja wao anaacha kupiga, ananyoosha mkono na kufunua. Kwa sekunde hizo mwenzake anaendelea kupiga, ili sauti isikatike. Ukikaa ukumbini husikii kitu. Hakuna anayemlaumu aliyeacha kwa kuwa ameacha, na anayeendelea hahesabu kwamba amefanya kazi ya wawili. Ndiyo kazi ya stendi ile.

Miaka minne iliyopita, niliporudi chuoni kumaliza shahada yangu ya mawasiliano, nilikuwa nafunua mimi, na yeye akaendelea kupiga. Alilipa ada, alimbeba mtoto mgongoni huku anachora, hakunikumbushia hata siku moja. Kuanzia Julai anafunua yeye. Mshahara wa mhariri si mkubwa, lakini sauti haitakatika.

Na wewe msomaji, kwenye stendi yenu, hivi sasa ni nani anafunua? Mmeshaambiana?